Miwani Isiyomtosha Mwingine

Nimekabidhi funguo za stoo ya vifaa vya kuzamia mjini Kitale, na waliozipokea wameniomba niwaandikie niliyojifunza. Nadhani walitarajia maonyo. Maonyo yamo humu, kwa ukali ule ule waliouzoea. Lakini anayestaafu hupimwa kwa mtu anayemwachia nafasi, nami nafasi yangu nimemwachia kijana mwema ambaye siye niliyemwandaa. Niliyemwandaa anaitwa Nekesa. Yu hai, ana afya, anaishi Kabuchai, na hazamii tena. Nitaeleza jinsi kazi hii ilivyompata na jinsi ilivyompoteza, kwa kuwa yote mawili yalianzia kwenye swali ambalo kila mpiga mbizi mpya hukutana nalo kabla hajalowa: vifaa aazime, akodi, au anunue?

Mimi nilipoingia katika kikosi chetu cha wapiga mbizi wa uokoaji swali hilo halikuwapo, kwani palikuwa na kuazima tu. Seti moja ilitundikwa ukutani, nasi tukaivaa kwa zamu, mrefu baada ya mfupi, mnene baada ya mwembamba. Suti ya mpira ilikuwa imenunuliwa kwa kipimo cha mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona. Mwalimu wangu, marehemu Masinde, alikuwa mwenyeji wa Bungoma aliyefanya kazi ya kuzamia Mombasa kwa miaka mingi kabla ya kurudi nyumbani, na alitutazama kwa dharau ya upole sisi tuliojifunzia kuogelea katika mabwawa ya kunyweshea ng'ombe. Mimi hasa nilimpa raha. Nilizaliwa nyumba chache kutoka msikitini hapa Kitale, nikalelewa kwa Kiswahili, na bado nilikuwa sijafika pwani.

"Mswahili gani huyu, bana," aliwaambia wenzangu, "bahari ameiona kwa kalenda?"

Siku yangu ya kwanza majini, katika bwawa la shamba moja la mahindi nje ya mji, miwani ya kuzamia ilijaa maji kabla sijaliona tope la chini. Nilikaza mkanda, ikajaa zaidi. Masinde alinitoa, akanitazama usoni kwa makini kama daktari, akatoa hukumu kwamba masharubu yangu ndiyo yanayoingiza maji. Nilimweleza kwamba masharubu hayo yalikuwa na heshima yake nyumbani. Akasema heshima hiyo inaweza kuzikwa pamoja nami, hana pingamizi. Nilinyoa jioni ile, na sikuyafuga tena hadi mwezi uliopita.

Hapo ndipo aliponifundisha jaribio ambalo sikuwahi kuliona likishindwa. Miwani ya kuzamia hufunika macho na pua pamoja. Iweke usoni bila kufunga mkanda, vuta hewa kidogo kwa pua, inama uitazame ardhi, kisha ondoa mikono. Ikibaki, ni yako. Ikianguka, ni ya mtu mwingine, hata muuzaji aape kwa mama yake. Kazi ya mkanda ni kuzuia miwani isipotee; maji huzuiwa na uso wenyewe. Kwa hiyo miwani, alisema Masinde, haiazimwi kama vile mswaki usivyoazimwa, na kiongozi anayewagawia watu kumi miwani moja amewagawia maji.

Vingine huazimwa kwa masharti. Mapezi ya miguuni yaazime bila wasiwasi. Mtungi uazime baada ya kusoma tarehe iliyogongwa begani mwake, inayoonyesha ulipopimwa nguvu mara ya mwisho. Mwenyewe akikwambia tarehe haina maana, mrudishie mtungi wake kwa adabu. Kifaa cha kupumulia kipumulie nchi kavu huku ukitazama saa ya hewa. Mshale ukitetemeka kila unapovuta, koki haijafunguliwa yote. Mipira ya hewa ikunje karibu na pale inapoingia kwenye chuma, maana nyufa hujificha hapo. Nimewaona watu wakikagua kwa uangalifu mkubwa shati la mtumba, kisha wakatia kinywani kifaa cha kupumulia bila hata kukinusa.

Nekesa alikuja kwetu Masinde akiwa amekwisha kufariki. Alikuwa binti wa Mzee Situma, fundi wa baiskeli mwenye kibanda kando ya barabara huko Kabuchai, na mikono aliirithi kwa baba yake. Mto Nzoia si maji ya kuonea kitu. Ukishuka kiasi cha urefu wako giza ni lile lile, ufumbue macho au ufumbe, na kazi yote hufanywa kwa vidole. Wengine niliowafundisha walipapasa, Nekesa alisoma. Siku moja nilizamisha ndoo ya vyuma vya kila namna ili wanafunzi wavitambue kwa kugusa. Alivitaja vyote, kisha akaniambia kwamba nati moja imeliwa uzi, haitashika, na isirudishwe stoo.

Tatizo lake lilikuwa uso. Ulikuwa mwembamba, wenye mifupa ya mashavu iliyoinuka, na hakuna miwani ya kikosi iliyoukubali. Alizamia na maji yakiwa yamefika nusu ya kioo, hakulalamika, wenzake wakamsifu kwa uvumilivu. Mimi sikumsifu. Kuvumilia kifaa kibovu hakumpandishi mtu cheo mbinguni. Humwondolea aliye juu yake haya ya kutonunua kingine.

Alipopelekwa pwani kwa mafunzo ya bahari alikodi, kama wanavyokodi wageni wote. Kukodi kuna faida yake kwa mtu mpya: unajifunza kwa mwili wako kile usichokitaka kabla hujakilipia. Alirudi akijua kwamba suti pana ni gunia la maji baridi na kwamba jaketi la kuelea lisilobana hupanda hadi masikioni. Alirudi pia na habari za mzamiaji mmoja wa huko aliyekuwa anaacha kazi na kuuza vifaa vyake. Akaweka akiba, jamaa zake wakamchangia, akanunua seti nzima isipokuwa mtungi, ambao kikosi kilimpa. Miwani peke yake ilikuwa mpya. Aliijaribu mbele yangu stooni. Aliinama, akaondoa mikono, ikabaki usoni kana kwamba alizaliwa nayo. Alicheka ndani ya kioo, hewa ikatoka puani, miwani ikamwangukia mkononi.

Nyumbani, kabla ya jambo lolote, Mzee Situma alitandika gunia uani akamtaka binti yake apange kila kitu juu yake. Nilikuwapo; nilikuwa nimemsindikiza na mtungi wa kikosi. Mzee aliuliza jina la kila kifaa, akakishika, akakigeuza, akauliza kinaingia wapi na kinafungwaje. Hakuuliza sana kinafanya nini. Alivielewa vile vifaa kwa umbo, kama alivyoielewa baiskeli, na kwa baiskeli hilo humtosha fundi.

Kati ya vitu vile ulikuwamo mshipi wa kiunoni, wenye vipande vya madini ya risasi vilivyopitishwa kimoja baada ya kingine. Bila uzito huo suti humwelesha mzamiaji kama kizibo. Lakini maji ya chumvi huinua mwili kuliko maji ya mto, na mshipi uliopangwa baharini ni mzito kupita kiasi huku kwetu. Kila mpiga mbizi wa bara anayenunua vifaa vya pwani lazima apunguze. Nekesa alijua. Alijaribu bwawani, akatoa vipande kadhaa hadi mwili ukatulia, na vile alivyotoa akavitia katika mfuko wa pembeni wa mkoba wake, kwa kuwa huenda siku moja angerudi baharini. Ni jambo ambalo sote tulilifanya. Hakuna aliyewahi kulifikiria.

Sasa ni lazima niseme jambo kuhusu Mzee Situma, na nalisema kwa heshima. Alikuwa mtu asiyejua kumnyima jirani chombo. Pampu yake, nyundo yake, ngazi yake, vyote vilikuwa vya Kabuchai nzima. Na alikuwa na desturi yake: hakuazimisha kitu pungufu. Pampu ilitoka na mpira na pini yake. Spana ilitoka na mwenzake wa kushikilia upande wa pili. Akiona kuna kilicholegea alikikaza kwanza, na mwazimaji akasubiri. Nimesoma vitabu vingi juu ya wema, na vingi vimeandikwa na watu ambao yaelekea hawakuwa na majirani. Situma hakusoma hata kimoja, akaishi kwa namna ambayo hao waliieleza tu.

Siku yenyewe ilitukuta Moi's Bridge. Lori lilikuwa limetumbukia Nzoia na dereva hakuonekana. Kwa mara ya kwanza kikosi kilikuwa kimekodi seti kamili za kutosha kila mzamiaji, na nilikuwa nimeagiza zitumiwe hizo ili tujue kama zinafaa kununuliwa. Nekesa alichukua miwani yake tu. Mkoba wake na ule mtungi vilibaki Kabuchai, nyuma ya mlango.

Asubuhi hiyo hiyo, katika bwawa moja nyuma ya mashamba ya miwa huko kwao, mtu alizama. Majirani walijaribu kwa miti na kamba wakashindwa. Mdogo wa marehemu huyo, mwashi aitwaye Simiyu, alikuwa muogeleaji hodari. Alikwenda kwa Mzee Situma akamwomba vifaa vya binti yake. Mzee alimpigia Nekesa simu mara nyingi. Simu ilikuwa ndani ya gari letu na mwenyewe alikuwa chini ya mto. Mbele yake amesimama mtu anayemlilia ndugu yake. Mzee akautoa mkoba.

Alivipanga tena juu ya gunia, kwa utaratibu ule ule aliouona. Alimwomba Simiyu radhi kwamba miwani haimo. Simiyu akasema maji yale ni matope, hakuna cha kuona, atafumba macho. Mzee akagundua kwamba mshipi una nafasi tupu, akapapasa mkobani, akakuta vipande vya risasi vimelala mfukoni. Akafanya alilolifanya maisha yake yote. Akavirudisha mahali pake, kimoja baada ya kingine, akavipanga sawasawa, akakaza, akamkabidhi jirani yake chombo kilichokamilika.

Simiyu alifunga mshipi kwanza, kisha akavaa jaketi na mtungi juu yake, mikanda yake ikaifunika bizimu, kile kifungio cha mshipi. Nanyi mnajua kwamba mshipi huvaliwa mwisho, ili mkono mmoja tu utoshe kuutupa. Yeye hangeweza kujua. Alishuka. Watu waliosimama ukingoni waliona mapovu yakipanda kwa wingi, wakafarijika, wakaambiana kwamba kijana anafanya kazi. Kifaa cha kupumulia kikimtoka mtu kinywani huendelea kumwaga hewa. Mapovu yalipanda muda mrefu.

Sisi tulifika alasiri kutoka Moi's Bridge. Nilitaka kumzuia Nekesa asizamie, naye akaniuliza ni nani mwingine mwenye miwani isiyovuja. Aliwatoa wote wawili, mmoja baada ya mwingine. Alipopanda baada ya kumtoa Simiyu alibaki amekaa kwenye maji ya ukingoni, akaivua miwani, akasema kwa sauti ya chini, kwangu peke yangu:

"Mwalimu, zile risasi zimerudishwa. Zote. Nimezishika."

Akaniomba jambo hilo lisifike kwa baba yake. Katika taarifa yangu niliandika kwamba aliyekufa hakuwa na mafunzo, na ilikuwa kweli.

Kabuchai haikumlaumu Mzee Situma. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wa mjini hupenda kuwadhania wa mashambani ubaya. Familia iliyofiwa ilikwenda nyumbani kwake kumshukuru kwa kuwa hakuwanyima. Mama yao alimshika mikono. Laiti wangemtukana, labda angepata cha kujitetea.

Baada ya mazishi nilikwenda kuchukua mtungi wa kikosi. Mzee alikuwa amekaa kibandani na gurudumu la baiskeli magotini, halizungushi. Nekesa alikuwa akikunja suti uani. Mzee aliniuliza, bila kuniangalia, kama vifaa vilikuwa na kasoro. Nilimwambia vilikuwa vizima.

"Maana zile vyuma za mkanda zilikuwa zimetoka," alisema. "Nikazirudisha. Singempatia mtu kitu nusu."

Kabla sijafungua kinywa Nekesa alisema kutoka uani, "Ilikuwa sawa, baba. Zilikuwa sawa tu."

Mzee alifikiri. Alikuwa mtu wa vyuma, na mtu wa vyuma hupenda kila kipande kiwe na sababu.

"Kama zilikuwa sawa," akauliza polepole, "si wewe ndiye ulizitoa? Ulizitoa kwa nini?"

Baiskeli zilipita barabarani. Kwa mara ya kwanza aliuliza kitu kinafanya nini, na sisi wawili tuliojua tulinyamaza. Aliliweka gurudumu chini kwa uangalifu, akaingia ndani.

Juma hilo Nekesa alileta mkoba wake stooni Kitale na kuukabidhi kwa kikosi. Nilimkatalia. Nilimpa hoja zote nilizokuwa nazo, na ninazo nyingi. Nilimwambia kwamba kosa halikuwa lake, kwamba hata baba yake hakukosa kwa nia, kwamba mto hautaacha kuchukua watu kwa ajili ya huzuni yake, na kwamba katika miaka yangu yote sikuwahi kuona vidole kama vyake. Alinisikiliza hadi mwisho, kama alivyonisikiliza darasani.

"Mwalimu, yote ni kweli," alisema. "Lakini nikipita pale mlangoni na huu mkoba kila asubuhi, mzee ataona nini?"

Nilisema anaweza kuhamia mjini na vifaa vikakaa hapa.

"Na hapo atauliza nimehama kwa nini. Huyu hawezi kuwacha kuuliza sasa."

Niliupokea mkoba. Nilikuwa sahihi katika kila nilichosema, na tangu siku ile sijaona faida yake.

Haya ndiyo ninayowaachia. Nunueni miwani yenu wenyewe kabla ya kitu kingine chochote. Kodini vingine mpaka mwili uwafundishe, kisha mnunue kwa subira. Msiazimishe, na aliye nyumbani mwelezeni sababu, si jina tu. Na uzito mliouondoa kwenye mshipi msiulaze ndani ya mkoba. Utoeni kabisa, uwekwe stooni, mbali na mtu mwangalifu. Mtu mzembe angeuacha mfukoni. Aliyeurudisha ni mtu mwema. Tahadhari zetu zote tuliziandika kwa ajili ya wazembe.

Vifaa vya Nekesa vimevaliwa na wengi tangu hapo, maana suti na jaketi hazina ukaidi. Miwani ndiyo iliyobaki. Kila mwanafunzi mpya niliyempokea niliijaribu usoni pake. Sikuwaambia ni ya nani. Waliinama, wakaondoa mikono, ikaanguka; nikawa nimeweka kiganja changu chini, tayari kuidaka.

Nilipostaafu niliiomba, nikapewa, nikaenda nayo Kabuchai. Nekesa sasa ndiye anayeendesha kibanda. Hutengeneza baiskeli na pikipiki pia, na watu huja kutoka Bungoma mjini kumtafuta. Mzee Situma amezeeka. Bado huketi pale, hupanga spana kwa ukubwa, na chombo kikiazimwa ni Nekesa anayekitoa, huku mzee akitazama mikono yake. Nekesa aliyacheka masharubu yangu. Akasema yanafanana na brashi ya kusafishia mnyororo. Nikamkabidhi kifurushi.

Aliifuta miwani kwa ncha ya leso. Sikumwomba kitu. Aliiweka usoni bila mkanda, akavuta hewa kidogo kwa pua, akainama, akaiachilia mikono ikaning'inia.

Ikabaki.

Mzee aliinua macho kutoka kwenye spana zake, akatazama uso wa binti yake ukiwa nyuma ya kioo, umeielekea ardhi. Alitazama muda mrefu, kisha akaniuliza mimi, kwa sauti ya fundi anayekagua kazi ya mwenzake, ni nini kinachoishikilia.

Safari hii nilimjibu. Nilimwambia ni pumzi yake tu, akiitoa, itaanguka.

Mzee akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Nekesa alikuwa amesikia. Alibaki ameinama vile vile, amezuia pumzi, na hakuna aliyemwambia aiachie.